Milango Miwili ya Faili la Goba

Vijana wangu wa chumba cha seva, siku ya kuniaga mliniomba niwaandikie mambo ya kazini kabla sijayasahau. Sijasahau hata moja, msinizeeshe. Ila nimekubali, kwa sababu asubuhi hizi hakuna anayenipigia simu kusema printa imegoma, na mwanamke aliyezoea kuitwaitwa akikosa wa kumwita anaanza kupanga upya kabati za watu. Hapa nyumbani Kijichi wameshanichoka. Mume wangu ndiye aliyenitafutia kalamu.

Sitaandika habari za vyeo. Nilipandishwa nilipopandishwa, na waliokuwa na kinyongo wamesharudi kwao. Mshahara nao hamna haja ya kuujua, mtanisikitikia bure. Nitaandika kazi yenyewe, na zaidi nitaandika habari ya faili la Goba, maana nasikia mnaisimulia vibaya. Juzi mmoja wenu kaniambia eti Salima alifukuzwa kwa wizi. Salima hakufukuzwa na wala hakuiba. Kaeni niwaeleze tangu mwanzo.

Nilianza kazi kwenye ile kampuni yetu ya upimaji wa ardhi pale Chang'ombe nikiwa na cheti kipya na viatu vya visigino. Fundi mkuu wa mtandao alikuwa Mzee Kondo, mtu wa Kilwa, mfupi, mwenye barghashia isiyotoka kichwani hata akiingia chini ya meza. Cheti changu hakukiangalia. Aliangalia viatu.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Na hivyo ndo utapandia ngazi?”

Nikavivua, nikapanda darini peku. Siku yangu ya kwanza niliimalizia huko huko, navuta waya katikati ya vumbi na mavi ya panya, na Mzee Kondo yuko chini ananielekeza kwa kugonga dari na mpini wa ufagio. Akigonga kushoto, natambaa kushoto. Akigonga kwa hasira, najua nimepita. Nilishuka mweupe kama mtu aliyetoka mashine ya kusaga. Akaninunulia soda, akasema kesho nije na raba.

Kitu alichokipenda kuliko wajukuu wake kilikuwa kibano cha kubania vichwa vya waya. Mipini yake aliizungushia mpira wa baiskeli ili isiteleze mkononi, na hakuna aliyeruhusiwa kukiazima bila kumwachia kitu cha rehani. Mhasibu mmoja aliwahi kumwachia miwani. Vichwa vya waya tulifuata Kariakoo. Vile vya kurundikwa chini pale Buguruni alivikataa, akidai vinalegea Ijumaa jioni tu, bosi akiwa anasubiri kutuma kazi. Alinikaririsha mpangilio wa rangi za nyaya, nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, na kuendelea, mpaka nikawa nazitaja jikoni huku nakata vitunguu. Yeye mwenyewe waya alikuwa anaumenya kwa meno, na mimi alinikataza.

Lakini somo lake kubwa halikuwa la waya. Mtu akija kulalamika kwamba kompyuta imemharibia kazi, Mzee Kondo alikuwa anamvutia kiti, anamwambia asimulie. Na mtu akisema “lile sanduku” badala ya kompyuta, au “mtandao umekufa” wakati kilichokufa ni balbu, mzee hakumrekebisha. Baadaye tukiwa wawili aliniambia: “Muache aseme kwa maneno yake. Ukishampa maneno yako, atakurudishia hayo hayo, na utakuwa hujaambiwa kitu.” Nilidhani ni ustaarabu wa pwani tu. Alipostaafu aliniachia kibano, na kwa kweli nililia mbele za watu, nikasingizia vumbi.

Sasa niwaeleze ile milango, maana bila hiyo habari ya Goba haieleweki. Ofisi ilikuwa na vyumba viwili vikubwa vilivyotenganishwa na ukuta wa plaiwudi wenye kidirisha cha kupitishia karatasi. Upande mmoja walikaa wachoraji, wale wanaochora ramani za viwanja, na kompyuta zao zilikuwa za Windows. Upande wa pili walikaa wapimaji, wanaokwenda saiti na vyombo vyao na kurudi na vipimo, na programu yao ya kukokotoa ilitaka Linux. Mafaili ya wote yalikaa kwenye seva moja, kwangu, katika chumba chenye kiyoyozi kikali kuliko vyote Temeke. Miezi ya joto nilikuwa na marafiki wengi sana.

Wachoraji waliingia kwenye seva kwa itifaki inayoitwa SMB, wapimaji kwa nyingine inayoitwa NFS. Itifaki ni lugha ambayo kompyuta huongea na seva, ila mimi nimezoea kusema mlango. Folda ile ile, faili lile lile, milango miwili. Na kila mlango una kufuli lake. Kwa wachoraji, mmoja akishalifungua faili, wa pili akija anaambiwa lina mtu, asome tu, asiandike. Hilo kufuli halibembelezi. Kwa wapimaji kufuli lipo, lakini ni la hiari: programu inayouliza itajibiwa, isiyouliza inapita. Programu yao haikuwa na tabia ya kuuliza. Na hata ingeuliza, seva yetu ya wakati ule haikupeleka habari za mlango mmoja kwenye mlango wa pili. Mchoraji angeweza kuwa ndani ya faili ametulia, kufuli linaning'inia mlangoni kwake, na mpimaji akaingia kwa uani bila kugusa hata bawaba.

Kulikuwa na ubaya mwingine. Seva ikiona mchoraji yuko peke yake kwenye faili, huiambia kompyuta yake: kaa na nakala huko kwako, fanya kazi, utaniletea baadaye. Nia ni kuharakisha kazi, na penye mlango mmoja ni jambo jema kabisa. Penye milango miwili, seva inamwahidi mtu upweke ambao hana.

Mzee Kondo alilisema hili vikaoni, na mimi nikalisema baada yake. Jibu lilikuwa kwamba seva mpya iko njiani, na kwa sasa watu waongee. Basi wakaongea. Ikazaliwa desturi ya kidirisha: mtu akishika faili analitangaza kwa sauti, jina la eneo kwanza, ili upande wa pili wajue. “Mbagala nimefunga!” “Goba nimefunga!” Mgeni akiingia ofisini kwetu angedhani amefika kwa wapiga debe wa Mwenge.

Desturi hiyo ilikwenda vizuri kwa muda mrefu, na ndiyo maana hakuna aliyeitilia shaka. Ilikuja kujulikana baadaye kwamba ilikuwa inabebwa na jambo jingine kabisa. Wapimaji mchana wako saiti, wachoraji mchana wako mezani, kwa hiyo vyumba viwili havikugombea faili moja kwa wakati mmoja. Kisha masika moja ikashuka kwa hasira, milima ya Goba ikawa tope tupu, gari letu likakwama mara mbili, na wapimaji wakaambiwa wakae ofisini wakamilishe hesabu zao. Hapo ndipo vyumba viwili vilipofanya kazi pamoja kwa mara ya kwanza.

Kazi ya Goba ilikuwa ya wakazi wa mtaa mmoja wa mlimani waliojikusanya ili viwanja vyao vipimwe kwa pamoja. Kati ya viwanja viwili kulikuwa na njia inayoshuka hadi barabarani, na wote walikubaliana ibaki. Aliyeitegemea kuliko wote ni Mama Chausiku. Mumewe alikuwa amepata kiharusi na alikaa kwenye kiti cha magurudumu, na kwa njia ile tu ndiyo aliweza kumsukuma hadi kwenye gari la kwenda kliniki. Kwingine kote kulikuwa ni ngazi, mawe na kuta za watu.

Mchoraji wa ramani hiyo alikuwa Salima, binti wa Masasi, mwepesi wa mkono na mwepesi zaidi wa mdomo. Angeweza kuchora mikunjo ya kilima huku anabishana habari za mpira na chumba kizima, na mikunjo ikatoka sahihi. Nilimpenda, sifichi.

Ramani ikachapwa, ikapelekwa Goba, na njia haikuwemo. Viwanja viwili vilikuwa vimeshikana, na eneo la njia lote lilikuwa upande wa jirani mmoja. Jirani huyo hakulalamika hata kidogo. Alianza kupanga matofali.

Kesho yake Mama Chausiku aliingia mapokezi na wenzake, nguo zimelowa, sauti iko juu.

“Nyie watu mmeiuza njia yetu! Mume wangu nimtoe kwa wapi? Nimtupe juu ya ukuta?”

Salima akatoka nje kumsikiliza, na hilo ndilo lililomponza. Yule jirani wa Goba naye alikuwa mtu wa Masasi. Aliwahi kuja ofisini na wenzake siku ya makubaliano, na Salima alimsalimia Kimakua, wakacheka. Watu wa Goba walikuwa wanakumbuka.

“Ndo huyu!” mmoja alisema. “Huyu ndo ndugu yake!”

“Shikamoo mama,” Salima alimwambia Mama Chausiku. “Mie yule simjui. Nilimsalimia tu kwa kuwa tunatoka kumoja.”

“Marahaba ya nini? Shikamoo yako ipeleke Masasi!”

Mkurugenzi wetu, Bwana Mdoe, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa haraka, na haraka yake ilikuwa na heshima zake mjini. Siku hiyo hiyo aliwaita Salima na Elibariki. Elibariki, ambaye wote tulimwita Eli, ndiye mpimaji aliyeishughulikia Goba. Mtu wa Moshi, mkweli mpaka anakera. Mimi niliitwa kwa ajili ya seva.

“Salima, uliichora hiyo njia?”

“Niliichora, bosi. Na faili nilifunga, na dirishani nilitangaza.”

“Eli, ulimsikia?”

“Nilimsikia, bosi. Alisema Goba nimefunga. Ndo mimi nikafungua nikaendelea na hesabu.”

“Na njia ulikuta imechorwa?”

Eli aliangalia chini. “Hapana, bosi. Haikuwemo.”

Mnaona jambo lilivyokaa. Mashahidi wawili, na wamekubaliana kila neno. Huyu amefunga, yule amefungua, njia haipo. Kwa hiyo binti hakuichora, au aliifuta kabla hajafunga. Bwana Mdoe akamwambia Salima akakae nyumbani mpaka atakapoitwa, na kwa sauti aliyoitumia sote tulijua kwamba anatafuta tu maneno ya barua. Jina lake lilikuwa limeshaenea kote: mchoraji aliyeuza njia ya mgonjwa. Kwenye kazi yetu mtu mwenye jina hilo haajiriwi tena popote. Hata matapeli wa viwanja hawamtaki, maana nao wakichora uongo wanataka uongo wao ubaki ulivyo.

Alipita kwangu kuaga, kikombe chake cha chai mkononi.

“Mama Neema, mie ile njia nimeichora. Wallahi nimeichora.”

“Najua.”

“Umejuaje?”

Nilikuwa sijui. Nilikuwa namwamini, ambalo ni jambo jingine, lakini pale alihitaji mtu anayejua. “Nenda nyumbani,” nikamwambia. “Simu yako isizimike.”

Nikaanza kuichunguza seva. Ilikuwa inahifadhi toleo la mwisho la faili tu, na nakala ya akiba ilikuwa ya kabla Salima hajagusa Goba. Niliona kwamba kompyuta ya Salima iliandika, na kwamba ya Eli iliandika baada yake, jambo ambalo Eli mwenyewe alishalisema. Eli alilifungua lini hasa, halikujulikana; mlango wa wapimaji haukuwa na desturi ya kuandika nani kaingia. Nikachukua kompyuta mbili ndogo, moja ya kila mlango, nikaziweka mbele ya Bwana Mdoe, nikafungua faili la majaribio kwa zote mbili kwa pamoja. Zote zikaingia na zote zikaandika, hakuna iliyozuiwa.

Aliangalia kwa makini, lazima nimpe haki yake. “Nimekuelewa, Mama Neema. Makufuli hayaonani. Lakini hapa kufuli halihusiki. Binti alisema amefunga, mwenzake ndo akaingia. Hawakuwa ndani pamoja.”

Kukosa jibu mbele ya bosi ni kitu ninachokichukia kuliko mende.

Jibu lilikuja saa ya chai, na halikutoka kwenye seva. Ilikuwa Alhamisi. Nilikuwa nimenunua chapati kwa mama anayepika uani kwetu, nikamkaribisha Hamisi, mchoraji aliyekaa meza ya jirani na Salima.

“Nimefunga, mama,” akasema.

Hamisi ni mtu wa swaumu za sunna, Jumatatu na Alhamisi, na mimi nilikuwa nimesahau. Eli ndiyo kwanza anaingia na kikombe chake. Alikuwa amesikia neno moja tu.

“Umefunga ipi? Ya Mbagala? Basi poa, ngoja ninywe chai fasta nikaingie.”

Uani wote ukaangua kicheko. “Braza, nimefunga tumbo!” Hamisi akamwambia. Kisha uso wake ukabadilika. “Hebu ngoja. Hata kama ingekuwa ya Mbagala, mie nimefunga, wewe unaingiaje?”

“Si umeshafunga?” Eli akasema. “Umemaliza. Ndo zamu yangu.”

“Nikifunga ndo naanza!”

“Unaanzaje na umefunga?”

Mimi chapati niliirudisha kwenye sahani.

Fikirini nyie wenyewe. Mtu akisema amefunga duka, amemaliza biashara, anakwenda zake. Akisema amefunga geti, hataki mtu apite. Neno ni hilo hilo, na sote tunalitumia kutwa bila kujikwaa. Wachoraji walikuwa wamelelewa na kufuli la kweli, kwa hiyo kwao faili lililofungwa lina mtu ndani, ondoa mkono. Wapimaji hawajawahi kuonyeshwa kufuli maisha yao yote, kwa hiyo kwao faili lililofungwa limeachwa, karibu uingie. Miaka yote hiyo walikuwa wanapigiana kelele kwenye kidirisha, kila upande unaelewa kinyume cha mwenzake, na kila upande unarudi mezani umeridhika. Nikamkumbuka Mzee Kondo. Bwana Mdoe aliuliza kama alifunga, akajibiwa alifunga. Hakuna aliyemwambia Salima asimulie alichofanya.

Nilimpigia simu Salima aje, na nikamwomba Bwana Mdoe asimame kwenye kidirisha, mahali anapoona vyumba vyote viwili. Nilikuwa nimeandaa nakala ya Goba ya kabla haijachorwa njia. Nikawaambia wale wawili wasinieleze kitu. Wafanye tu kama siku ile.

Salima alikaa kwenye kiti chake cha zamani bila kumwangalia mtu. Akalifungua faili. Akageuza kichwa dirishani.

“Goba nimefunga!”

Akashika kipanya, akaanza kuchora njia. Upande wa pili Eli akasogeza kiti, akalifungua faili lile lile.

Bwana Mdoe akaingiza kichwa kwa wapimaji. “Eli, mbona unafungua? Si kasema amefunga?”

“Ndo maana nafungua, bosi.”

Akakigeuza kwa wachoraji. “Salima, mbona unachora? Si umefunga?”

“Ndo maana nachora, bosi.”

Alisimama pale, kichwa kikienda huku na huku. Salima alimaliza njia yake akaihifadhi. Nikamwonyesha bosi kwenye kompyuta ya tatu: njia ipo, imenyooka, ina vipimo vyake. Kisha Eli, ambaye nakala aliyoichukua mwanzoni haikuwa na njia, akamaliza hesabu zake naye akahifadhi, juu ya ile ya Salima. Nikafungua tena. Viwanja viwili vilikuwa vimeshikana kama ndugu.

Salima aliangalia kioo, akaweka mikono yote miwili usoni, na kwa mara ya kwanza tangu tatizo lianze akalia. Eli alikuja akizunguka ukuta, mrefu, hajui mikono aiweke wapi.

“Sista, mie ndo niliyeifuta,” akasema. “Nimeifuta kwa mkono wangu na nikakutolea ushahidi.”

“Hukujua,” Salima akamwambia. “Na mie sikujua.”

Dawa ya kiufundi mnaijua, maana mmeirithi: folda moja, mlango mmoja. Kompyuta za wapimaji nilizihamishia kwenye mlango wa wachoraji, maana Linux inaweza kuutumia vizuri tu ikifundishwa, na ile programu isiyouliza nikaitengea folda yake, inachukua nakala na kurudisha kwa jina jingine. Ile ahadi ya upweke nikaizima kwenye mafaili yote ya pamoja. Seva mpya ilipofika, yenye uwezo wa kuyaonyesha makufuli ya mlango mmoja kwenye mlango wa pili, niliijaribu wiki kadhaa kabla ya kuiamini, na nyie nawashauri muijaribu tena kila mkibadilisha toleo. Watengenezaji hupenda kusema inafanya kazi. Fungueni kutoka pande zote mbili, muone kwa macho.

Neno nalo nikalipiga marufuku. Dirishani ikawa “nimeshika” na “nimeachia”, basi. Hamisi peke yake ndiye aliyeruhusiwa kufunga, na ni Jumatatu na Alhamisi.

Bwana Mdoe alitaka mambo yaishe kimya kimya. Salima arudi mezani, ramani mpya itumwe Goba na dereva, watu wasahau. Nilimfuata ofisini, nikafunga mlango, na siku hiyo nilikuwa namaanisha kufuli.

“Bosi, binti aliitwa mwizi mapokezi na mlimani. Huwezi kumsafishia jina chooni.”

“Mama Neema, maneno yako!”

“Ndiyo maneno yangu. Twende Goba.”

Alinung'unika mpaka Ubungo, lakini alikwenda, na gari aliendesha mwenyewe, mimi na Salima tumekaa nyuma. Mvua ilikuwa imekatika. Wakazi walishapelekewa habari kwamba njia inarudi, na walikuwa wamekusanyika pale juu yake, na mume wa Mama Chausiku yupo kwenye kiti chake, blanketi miguuni. Yule jirani alikuwa ameshaanza kuondoa matofali yake, mojamoja, kwa uvivu mkubwa. Bwana Mdoe akasimama mbele yao, akaeleza. Hakuzunguka. Alisema kosa ni la ofisi, kwamba njia ilichorwa ikafutika humo humo ofisini kwa namna mafaili yalivyokuwa yanashughulikiwa, na kwamba Salima hakumuuzia mtu kitu. Watu wakaguna. Mmoja akasema siku hizi kila kitu ni kompyuta. Salima alikuwa nyuma yangu, karibu na gari.

Bosi akatandaza ramani mpya juu ya boneti. Mama Chausiku akaja, akaifuata njia kwa kidole kutoka juu mpaka barabarani, akairudia tena. Kisha kidole kikashuka kwenye kona ya chini, kwenye kisanduku cha jina la mchoraji, akasoma polepole.

“Hamisi. Hamisi ndo nani?”

“Ni mchoraji wetu mwingine,” Bwana Mdoe akasema. “Yeye ndiye aliyeichapa upya.”

“Si huyu binti ndo kaichora?”

“Ni yeye, mama. Ila wakati inachapwa, yeye alikuwa…”

“Mie nilimtukana hapa hapa nilipo, kwa jina lake, mtaa mzima ukasikia. Sasa njia imerudi, jina limekwenda wapi?”

Bwana Mdoe akasema wataichapa nyingine, wataileta. Mama Chausiku akatikisa kichwa. Alimgeukia Salima, na sauti yake ikashuka.

“Njoo mwanangu. Njoo uandike, sie tunaona.”

Mtu akatoa kalamu. Salima akaja, akainama juu ya boneti. Akalikata jina la Hamisi kwa mstari mmoja. Akaandika lake kwa herufi kubwa, akaandika la baba yake, na kisanduku kikajaa. Hakuacha. Akaendelea na la babu yake, kalamu ikavuka mstari, ikaingia ndani ya kiwanja cha yule jirani.

“Salima,” Bwana Mdoe akasema, “umetoka nje ya mpaka.”

“Muache,” Mama Chausiku akasema. “Muache aandike lote.”